Tunaposoma Amri ya Sita na Kuiruka ya Nane



Tunawasalimu ninyi nyote mlioko hapa mjini Arusha, kuanzia Ngarenaro hadi Kijenge, pamoja na wenzetu wa miteremko ya Mlima Meru, wa Ilboru, Sekei, Tengeru na Usa River. Mada ya juma hili si nyepesi, nasi hatutaizungukazunguka.

Tumeulizwa na baadhi ya wazazi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo: mzazi Mkristo afanye nini akigundua kwamba binti yake anasoma hadithi, au anatazama filamu katika simu, inayosimulia mapenzi ya wanawake wawili? Tuliposikiliza vizuri tuligundua kwamba wengi wa waulizaji walikuwa wamekwisha kujijibu. Wapo waliosema simu ivunjwe. Wapo waliosema binti apelekwe kuombewa, maana ana pepo. Wapo waliosema achapwe mpaka amtaje aliyempa. Katika majibu yote hayo hatukusikia hata moja lililoanza kwa kuuliza: hadithi yenyewe inasema nini?

Basi tuanze hapo. Mwaka 2007 mwandishi wa Uganda, Monica Arac de Nyeko, alipata Tuzo ya Caine kwa hadithi fupi iitwayo "Jambula Tree", iliyokuwa imechapishwa katika mkusanyiko wa hadithi za mapenzi za Kiafrika uliohaririwa na Ama Ata Aidoo wa Ghana. Jambula ni mti ule ule tunaouita mzambarau. Hadithi imeandikwa kama barua: Anyango anamwandikia Sanyu, msichana waliyekua naye katika mtaa mmoja wa Kampala, wakapendana, wakakutwa, kisha Sanyu akapelekwa mbali, Uingereza. Miaka kumi na moja baada ya tuzo ile, yaani mwaka 2018, mwongozaji wa filamu wa Kenya, Wanuri Kahiu, aliigeuza hadithi hiyo kuwa filamu iitwayo "Rafiki". Ndani yake Kena na Ziki ni mabinti wa wanasiasa wawili wanaoshindana katika uchaguzi wa mtaa mmoja wa Nairobi. Ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kuonyeshwa katika Tamasha la Cannes, Ufaransa. Kabla haijaonyeshwa huko, Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya iliipiga marufuku nyumbani.

Sasa tuseme jambo ambalo wapigao kelele hawalisemi. Anayeitazama "Rafiki" akitafuta ukware atachoka mapema. Kinachojaza hadithi zote mbili, ile ya kitabuni na ile ya sinema, ni majirani. Yumo mama mmoja aitwaye Mama Atim, ambaye kazi yake kubwa ni kujua ya watu na kuyasambaza. Ndimi za mtaani zinawatangulia wasichana kila waendako. Katika filamu umati unawavamia na kuwapiga, na binti anawekewa mikono na kuombewa kwa nguvu kana kwamba yeye si mtu bali ni nyumba ya mashetani. Yumo pia baba anayegombea kura, mwenye kila sababu ya kumkana binti yake ili aokoe jina lake, na hamtupi.

Hapo ndipo tunapomkumbuka nabii Nathani. Katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 12, nabii hakumwendea mfalme Daudi na orodha ya mashtaka. Alimwendea na hadithi: tajiri mwenye makundi ya mifugo, na maskini mwenye mwanakondoo mmoja. Daudi alighadhibika na kumhukumu yule tajiri papo hapo, hata nabii akamjulisha kwamba mtu huyo ni yeye mwenyewe. Mungu alimfikia mfalme kwa njia ya hadithi, kwa sababu mlango wa mbele wa moyo wake ulikuwa umekwisha kufungwa.

Wapendwa, wengi wetu tunaposikia habari za Kena na Ziki tunaghadhibika kama Daudi, na hatubaki hadi nabii amalize kusema. Tunadhani hadithi inawanyooshea kidole wasichana wawili, kumbe kidole kimeelekezwa kwa Mama Atim, kwa umati, na kwa maombi yaliyogeuzwa kuwa fimbo.

Tusieleweke vibaya. Fundisho la Kanisa juu ya ndoa liko wazi, nasi hatuna mamlaka wala nia ya kulibadili. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2357, inafundisha kwamba matendo ya kujamiiana ya watu wa jinsia moja hayawezi kukubaliwa. Tunalifundisha hilo kama tunavyofundisha juu ya uzinzi, juu ya nyumba ndogo, na juu ya wale wanaoishi miaka ishirini bila ndoa huku wakichangia ujenzi wa kanisa na kukaa viti vya mbele. Lakini anayeikariri namba 2357 hana budi kusoma na inayofuata. Namba 2358 inatudai tuwapokee watu hao kwa heshima, kwa huruma na kwa uangalifu, na tuepuke kila aina ya kuwabagua pasipo haki. Wakatoliki wangapi wa Arusha wanaijua namba hiyo ya pili? Barua ya Vatikano kwa maaskofu ya mwaka 1986, iliyotiwa sahihi na Kardinali Joseph Ratzinger, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumtuhumu kwa ulegevu wa mafundisho, ililaani ukatili wa maneno na wa matendo dhidi ya watu hao, na kuwataka wachungaji wa Kanisa waulaani popote unapotokea. Mnamo Januari 2023 Baba Mtakatifu Fransisko alieleza kwamba kuwa na mwelekeo huo si kosa la jinai. Na maaskofu wa Afrika, katika barua yao ya Januari 2024 ambamo walikataa baraka kwa wapenzi wa jinsia moja katika makanisa yetu, walikumbusha papo hapo kwamba heshima ya mtu haiondolewi na lolote. Huo ndio Ukatoliki mzima. Nusu yake peke yake ni kitu kingine.

Amri za Mungu ni kumi. Ya sita inakataza uzinzi. Ya tano inakataza kuua, na Bwana wetu katika mahubiri ya mlimani aliipanua hata ikagusa hasira na matusi. Ya nane inamlinda jirani dhidi ya ulimi wetu. Chini ya amri hiyo ya nane, namba 2477, Katekisimu inataja makosa matatu: kumdhania mtu ubaya bila msingi wa kutosha, kutangaza kasoro za mtu kwa wasiozijua bila sababu ya haki, na kumzulia uongo. Angalieni lile la pili. Hata jambo likiwa kweli, kulitembeza mlango kwa mlango ni dhambi. Mama Atim huenda hajawahi kusema uongo hata siku moja, na bado anayo ya kuungama. Lakini nani kati ya wanaotaka filamu ya wasichana wawili ichomwe amewahi kutaka kibanda cha umbea kifungwe?

Mwaka ule ule wa 2018, Nairobi ilipokuwa ikibishana juu ya filamu, kwetu Tanzania tulipata mfano wa jambo hilo nje ya sinema. Mwishoni mwa Oktoba, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam aliwataka wananchi wapeleke majina ya watu wanaowadhania kuwa mashoga, ili kikosi maalumu kiwasake. Siku chache baadaye Wizara ya Mambo ya Nje ilitoa taarifa kwamba hayo yalikuwa maoni yake binafsi, wala si msimamo wa Serikali. Lakini wito ulikuwa umekwisha kusikika, na simu zilikuwa mikononi mwa watu. Jirani alialikwa kumtaja jirani. Mwenye deni alipewa njia ya kummaliza anayemdai, na aliyekataliwa posa alipewa silaha. Tujiulize: katika majina yatakayokusanywa kwa namna hiyo, mangapi yatakuwa matunda ya uchungu kwa ajili ya maadili, na mangapi matunda ya wivu?

Sisi wa Arusha hatuhitaji kufundishwa na mtu wa mbali juu ya nguvu ya ulimi. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyoundwa mwaka 1994, iliendesha kesi zake hapa mjini kwetu hadi mwaka 2015. Tarehe 3 Desemba 2003 iliwatia hatiani watu watatu waliohusika na redio ya RTLM na gazeti la Kangura. Mwaka 2007 rufaa yao ilitengua baadhi ya mashtaka na kupunguza adhabu, lakini fundisho kuu lilibaki: anayewazoeza watu kumwona jirani kuwa mdudu hawezi kusema hakushika panga. Hatusemi kwamba umbea wa mtaani ni sawa na mauaji ya kimbari. Tunasema kwamba mji uliosikiliza ushahidi ule kwa miaka mingi unapaswa kuwa wa mwisho kucheka mtu anapoitwa takataka, najisi au mnyama.

Ulimi huo umeharibu hata lugha yetu. Kwa Waswahili wa pwani, shoga ni rafiki wa kike wa mwanamke, na lilikuwa neno la upole. Leo neno hilo hilo ni tusi la kumfukuzia mtu, na wanawake wengi wa bara hawathubutu kulitumia kwa maana yake ya kwanza. Filamu ya Kenya imeitwa "Rafiki" kwa sababu hiyo hiyo: kuna watu ambao hawana neno jingine wanaloweza kulitamka hadharani. Tukiendelea hivi, Ruthu naye hataruhusiwa kumpenda Naomi. Maneno ya mapenzi yanayopendwa sana katika harusi zetu, yale ya kuahidi kwenda popote aendapo mwenzako, Biblia imeyaweka katika kinywa cha mwanamke akimwambia mama mkwe wake. Kitabu cha Ruthu hakisimulii habari za Kena na Ziki, wala hatusemi hivyo. Tunasema kwamba mtaa unaoshuku kila mkono wa msichana ulioshika mkono wa mwenzake umepoteza kitu ambacho Maandiko yanakisifu.

Wapo watakaotujibu: "Padre, hadithi hufundisha. Msichana akiisoma ataiga." Tunalipokea pingamizi hilo kwa heshima, kwa sababu ni kweli kwamba hadithi ina nguvu, ndiyo maana Bwana wetu alifundisha kwa mifano. Lakini tunaomba wanaolileta wawe wakweli hadi mwisho. Televisheni sebuleni inaonyesha tamthilia jioni baada ya jioni: mume wa mtu anaibwa, mama mkwe anatia sumu, mfanyakazi wa ndani anabebeshwa mimba na kufukuzwa. Familia nzima hutazama, na wakati mwingine rozari huahirishwa hadi kipindi kiishe. Vibanda vya video vya mtaani vimewaonyesha vijana wetu damu na zinaa kwa miaka mingi. Ikiwa hadithi hufundisha, basi hizo zimekuwa zikifundisha. Anayekaa kimya kwa zote hizo na kuamka kwa moja tu hatetei maadili. Anatetea kile ambacho yeye mwenyewe hajajaribiwa nacho.

Tena Kanisa lina uzoefu mrefu wa kupiga marufuku vitabu kuliko bodi yoyote ya Afrika Mashariki. Orodha ya Vitabu Vilivyokatazwa ilitolewa Roma mwaka 1559, ikadumu kwa namna mbalimbali zaidi ya miaka mia nne, na mwaka 1966, chini ya Papa Paulo wa Sita, ikakoma kuwa sheria. Kanisa halikuacha kuamini kwamba kuna vitabu vibaya. Liliamua kutegemea dhamiri iliyolelewa. Miaka mitatu kabla ya hapo, hati ya Mtaguso juu ya mawasiliano ya jamii, Inter Mirifica, ilikuwa imekubali kwamba hata kusimulia uovu kunaweza kutusaidia kumjua mwanadamu kwa undani zaidi, mradi sheria ya maadili iheshimiwe. Na Julai 2024 Papa Fransisko aliandika barua nzima juu ya nafasi ya fasihi katika malezi, ya mapadre kwanza kabisa, akieleza kwamba msomaji wa riwaya hujifunza kusikia sauti ya mtu mwingine. Seminari inayomfundisha kijana Kilatini bila kumfundisha kusikiliza inatoa mahakimu, haitoi wachungaji.

Na marufuku yenyewe ilizaa nini? Mnamo Septemba 2018, Jaji Wilfrida Okwany wa Mahakama Kuu ya Nairobi aliisimamisha kwa siku saba ili watu wazima waweze kuitazama "Rafiki". Kumbi zilijaa. Watu ambao wasingeisikia kamwe filamu hiyo walipanga foleni kwa sababu walikuwa wamekatazwa. Mwaka 2020 jaji mwingine wa Mahakama Kuu alikubaliana na marufuku, lakini dunia nzima ilikuwa imekwisha kuijua.

Lakini jambo linalotusumbua zaidi katika kesi ile ni dogo, nalo halikuzungumzwa makanisani. Mwongozaji alieleza kwamba bodi ilitaka mwisho wa filamu ubadilishwe. Mwisho ulionekana una matumaini kupita kiasi. Msichana alipaswa aonekane akijuta. Wapendwa, tulitafakari hilo kama Wakristo. Maana yake ni kwamba hadithi ile ile, yenye wasichana wale wale, ingevumilika endapo mmoja wao angeishia katika majonzi na kukata tamaa. Sisi tumefundishwa kwamba fadhila za Kimungu ni tatu: imani, matumaini na mapendo. Kukata tamaa ndiko kunakohesabiwa kuwa dhambi. Toba ya kweli haiwezi kuandikwa kwa kalamu ya mkaguzi wa filamu, na Mkristo hawezi kudai kwamba mtu yeyote, awe ametenda nini, aonyeshwe hana kesho.

Tunasema haya kwa sababu si habari ya sinema tu. Katika kwaya, katika utoto mtakatifu, katika bweni la shule, yumkini yupo binti anayesikiliza namna tunavyozungumza juu ya hadithi hizi, naye anajua kwamba tunazungumza juu yake. Hajatenda lolote, pengine. Anasikiliza ili ajue kama siku moja anaweza kusema na mama yake, au na padre wake, na akabaki hai. Tukicheka, atanyamaza. Akifukuzwa usiku, hataacha moyo wake mlangoni; atakwenda nao stendi, na stendini wapo wanaomngoja, ambao hawana katekisimu yoyote. Dhambi itakayotendwa huko itaandikwa katika hesabu ya nani?

Basi tuwape wazazi jibu walilotuomba, nalo lina sehemu tatu.

Kwanza, soma kabla ya kuhukumu, au angalau mwombe binti akusimulie. Mzazi anayeijua hadithi anaweza kusema, "Hapa mwandishi amesema kweli, na hapa mimi na Kanisa letu hatukubaliani naye, kwa sababu hizi." Mzazi anayevunja simu amesema jambo moja tu, kwamba anaogopa.

Pili, usipeleke siri ya mtoto wako jumuiyani kwa jina la sala. Sala ya jumuiya ni takatifu, lakini nia ya sala ikitajwa kwa jina na mtaa, imekwisha kuwa umbea uliofunikwa kitenge cha ibada. Na asiwepo mtu wa kumshika binti kwa nguvu akidai kumtoa pepo. Kanisa Katoliki lina utaratibu wa mambo hayo, chini ya mamlaka ya askofu, na kupendana si dalili ya kupagawa.

Tatu, wale wenye kipaji waandike. Ikiwa tunaamini kwamba ndoa ya mume na mke ni habari njema, iko wapi riwaya ya Kiswahili ya Mkatoliki wa Arusha inayoisimulia kwa uzuri na ukweli kiasi kwamba kijana ataisoma bila kulazimishwa? Hadithi hujibiwa kwa hadithi. Anayejibu kwa rungu amekiri kwamba hana cha kusimulia.

Siku ile walipomleta yule mwanamke mbele ya Yesu, mikono yao ilikuwa imejaa mawe na vinywa vyao vimejaa sheria. Bwana hakuikana sheria. Aliwarudishia macho yao wenyewe, wakaondoka mmoja mmoja, wakianza wazee. Tunawaomba wazee wa parokia zetu waanze na safari hii.

Ee Mungu, uliyetuumba na vinywa ili tukusifu, zilinde ndimi zetu zisiwe mawe. Walinde mabinti wetu wote, na hasa yule anayeogopa kurudi nyumbani jioni hii. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Tukutane tena juma lijalo, Mungu akipenda. Amani ya Bwana iwe nanyi nyote.